Mwongozo kamili: kuanza kula wanga kidogo Bukavu bila kumaliza pesa kwenye pakiti

Wengi wanaofanya rejimu hapa Bukavu huanguka mahali pamoja. Asubuhi wanaapa kuacha bugali. Jioni wanapitia alimantasyo na kutoka na biskuti za «sans sucre», shokoleti ya wenye ugonjwa wa sukari na kimfuko cha unga wa lozi kilichokula pesa ya nyama ya wiki. Wiki tatu baadaye mfuko wa pesa ni mtupu, kilo ni zilezile, na mtu anasema mwili wake haukubali rejimu.

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno, na karibu kila mara nikiomba kuona pakiti, jibu liko nyuma yake kwa herufi ndogo. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke.

Nikisema wanga, nina maana ya wanga na sukari pamoja, yaani kile ambacho pakiti za Kifaransa huita «glucides».

## Soma hapa kwanza kama unatumia dawa

Kama unachoma insulini au unameza glibenclamide, usipunguze wanga hata siku moja kabla ya kuonana na daktari wako. Dawa hizo zinashusha sukari ya damu kwa kipimo kilichopangwa ukiwa bado unakula bugali. Ukiondoa bugali na dawa ikabaki vilevile, sukari inaweza kushuka hadi ukazimia.

Wanaotumia dapagliflozin au empagliflozin wana hatari ya namna nyingine: damu inaweza kujaa asidi huku kipimo cha sukari kikionekana karibu sawa. Hao nao waanzie kwa daktari. Wa dawa za presha waende pia, kwa sababu presha huweza kushuka katika wiki za mwanzo.

Mwenye mimba, anayenyonyesha, mtoto, na mwenye ugonjwa wa figo: mwongozo huu si wenu. Na yeyote akishikwa na malaria aache rejimu mara moja, anywe uji, ale, apone, ndipo arudi.

## Vitu vya kuandaa

- Mizani ndogo ya jikoni inayopima gramu. Bila mizani utakuwa unabahatisha.
- Daftari na kalamu. Simu ni nzuri kwa kujumlisha, lakini umeme ukikatika daftari halizimiki.
- Mizani ya kupimia mwili, au kamba ya fundi cherehani ya kupima kiuno.
- Glukometa (kipima sukari ya damu) na vijiti vyake, kama una ugonjwa wa sukari.
- Chakula cha sokoni cha siku tatu: mayai, sambaza, sombe, lengalenga, kabeji, avoka, karanga, nyanya, vitunguu, mafuta ya mawese, na fromaji ya Masisi ukiipata.
- Chumvi.
- Sukari ya kawaida, robo kilo, kwa wenye dawa za sukari. Itakaa kabatini kama dawa ya dharura.

Bidhaa maalumu hazimo katika orodha hii. Zitakuja hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Andika unachokula sasa, siku tatu

Usibadilishe kitu. Kula kama kawaida, pima, andika. Sababu ni kwamba hutajua pakiti imekusaidia nini kama hujui ulikotoka.

Makadirio ya kukuanzisha:

- Unga wa muhogo, gramu 100 mkavu: zaidi ya gramu 80 za wanga. Unga wa mahindi hukaribia 75.
- Wali uliopikwa, gramu 100: kama 28.
- Ndizi za kupika, gramu 100: kama 30.
- Soda ya sentilita 33: kama 35.
- Vijiko vidogo vitatu vya sukari katika chai: 12 hadi 15.

Bonge la bugali lililotoka kwenye gramu 150 za unga wa muhogo lina karibu gramu 120 za wanga. Wengi hushangaa hapo, maana walikuwa wanailaumu sukari ya chai peke yake.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutaja vyakula vitatu vinavyokuletea wanga mwingi kuliko vingine vyote.

## Hatua ya 2: Siku kumi na nne za chakula cha sokoni tu

Wanaoshindwa wengi hushindwa kwa kuruka hatua hii. Wanataka mbadala wa mkate kabla hawajajua kama wanauhitaji.

Lenga gramu 100 za wanga kwa siku, si 20. Najua wapo wanaosifu gramu 20, na zinafanya kazi kwa watu fulani. Lakini mtu aliyekuwa anakula gramu 350, nyumbani kunakopikwa sufuria moja kwa watu wanane, akishuka hadi 20 kwa siku moja ataumwa kichwa, atagombana na kila mtu, na Jumapili atarudi kwenye bugali kwa hasira. Gramu 100 zinakuachia nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa mchana na kiazi kidogo jioni. Baadaye unaweza kushuka.

Siku yangu ya kawaida huwa hivi. Asubuhi ni mayai mawili ya nyanya na kitunguu, nusu avoka, na chai kavu au yenye maziwa kidogo. Mchana ni sombe ya karanga na mawese pamoja na sambaza wa kukaanga, nao nanunua wabichi kwenye soko la Beach Muhanzi asubuhi mapema. Usiku ni lengalenga na tomsoni (samaki wa barafu), au mayai tena na kabeji. Hakuna hata kitu kimoja hapo kilichotoka kwenye pakiti. Nyama ni nzuri kama ipo, ila mbuzi si lazima ili rejimu ishike.

Sahani ya pamoja ndiyo ngumu. Ukikaa na mama mkwe akaona hugusi bugali, ataona umekataa mkono wake. Usiseme bugali ni mbaya. Sema, «Mama, daktari ameniambia nipunguze, naomba uniongezee sombe.» Mama akisikia unaomba kuongezewa mboga yake, atakupakulia kwa furaha.

Kuanzia siku ya pili hadi ya tano unaweza kuumwa kichwa, kulegea miguu, kuhisi kizunguzungu ukisimama. Mwili unapotumia akiba yake ya wanga hutoa maji mengi, na chumvi hutoka nayo. Kunywa maji, ongeza chumvi kidogo kwenye mchuzi wa samaki. Mwenye presha asiongeze chumvi bila ruhusa ya daktari.

Kilo mbili zinazotoroka wiki ya kwanza ni maji hayohayo kwa sehemu kubwa. Furahi, lakini usitangaze. Wiki ya pili kasi itapungua na hapo watu huvunjika moyo bure.

Angalizo: uji wa masoso ni mzuri kwa watoto, lakini soya iliyomo haifuti mahindi na mtama vilivyomo. Kasiksi (pombe ya ndizi), bia na juisi ya matunda ni wanga wa kunywa. Asali nayo ni sukari, hata ikitoka mlimani.

Kwa wenye glukometa: kipimo chini ya miligramu 70 kwa desilita (gramu 0,70 kwa lita) ni hatari. Koroga vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Kisha mpigie daktari.

Umefaulu ikiwa: siku ya kumi na nne unaweza kukaa saa nne au tano kati ya milo bila kutafuta kitu cha kutafuna.

## Hatua ya 3: Tafuta pengo lako, si pakiti

Fungua daftari. Tazama siku ulizoteleza. Uliteleza wapi? Kwa wengi ni mahali pamoja au pawili: chai ya saa kumi bila sukari imeshindikana, au asubuhi ya haraka hakuna kitu cha kushika mkononi, au mchana kitoweo hakina cha kuchovya.

Nunua kitu kimoja kwa pengo moja. Chai: kitamu kisicho sukari. Mkate: unga wa lozi au wa karanga. Bugali: pisiliamu, yale maganda laini ya mbegu ambayo farmasi huuza kwa wenye choo kigumu. Shokoleti, biskuti na keki za rejimu hazizibi pengo lolote nililowahi kuliona, zinafungua jipya. Mtu ambaye hakuwa na desturi ya kula biskuti usiku ataianza kwa sababu pakiti imempa ruhusa.

## Hatua ya 4: Geuza pakiti, soma nyuma

Hapa tukae kidogo, maana pesa nyingi hupotelea hapa.

Maneno ya mbele. «Sans sucres ajoutés» maana yake hawakutia sukari. Haikuahidi kwamba hakuna unga wa ngano. «Sans sucres», kwa sheria ya Ulaya, ni sukari isiyozidi nusu gramu katika gramu 100. Wanga mwingine waweza kuwa 60. «Sans gluten» ndiyo inayodanganya wengi: mara nyingi ngano imetolewa, ikawekwa wanga wa mchele, mahindi au muhogo. Muhogo uleule ulioukimbia sahani ya mchana. «Light» ni ahadi ya kupungua kitu fulani. Soma ni kitu gani.

Pakiti ya Ulaya na pakiti ya Marekani hazihesabu sawa. Madukani kwetu zote mbili husimama kwenye rafu moja. Kwenye pakiti ya Ulaya, namba ya «glucides» haina nyuzinyuzi ndani yake. Nyuzinyuzi zina mstari wake, «fibres alimentaires». Namba ya wanga unaichukua ilivyo. Kwenye pakiti ya Marekani, «Total Carbohydrate» imemeza nyuzinyuzi ndani, kwa hiyo hapo unatoa.

Dada mmoja wa Kadutu aliniletea mkate wa rejimu uliotoka Ubelgiji. Pakiti ilisema «glucides» gramu 6, «fibres» gramu 12. Alikuwa amesoma mahali kwamba lazima utoe nyuzinyuzi, akapata chini ya sifuri, akala mkate wote kwa siku mbili. Hesabu sahihi ilikuwa gramu 6 kwa kila gramu 100 za mkate, na mkate ulikuwa na gramu 400. Gramu 24. Si mbaya, lakini si sifuri.

Ukiwa na shaka, tazama mpangilio. Nyuzinyuzi zikiandikwa zimesogezwa ndani, chini ya wanga, zimo ndani ya wanga. Zikisimama peke yake sawa na mafuta na protini, ziko nje. Njia nyingine: jumlisha mafuta, wanga, nyuzinyuzi na protini vya gramu 100. Jumla ikizidi 100, nyuzinyuzi zimehesabiwa mara mbili.

Polioli. Ni vitamu ambavyo majina yake mengi huishia na «-itol». Havifanani hata kidogo.

- Eritritoli («érythritol») haipandishi sukari ya damu. Karibu yote hutoka kwa mkojo. Itoe kwenye hesabu.
- Maltitoli («maltitol») hupandisha, chini ya sukari ya kawaida lakini hupandisha. Mimi huhesabu nusu yake. Ndiyo imejaa kwenye shokoleti za wenye ugonjwa wa sukari, kwa sababu ni rahisi kwa kiwanda.
- Zilitoli («xylitol») iko katikati, na ni sumu kwa mbwa. Wenye mbwa wa ulinzi uani wasiitupe ovyo.

Mfano wa shokoleti ya gramu 100: «glucides» 50, «dont polyols» 40, zote maltitoli. Wanga wa kawaida ni 10, nusu ya maltitoli ni 20. Hesabu 30. Robo ya shokoleti itakupa gramu 7 na nusu. Nzima itakula karibu theluthi ya siku yako, na tumbo litakuendesha. Ndiyo maana pakiti hizo huandikwa kwamba ukizidisha zinaharisha.

Vifuko vya kitamu. Stevia na sukralozi ni vikali mno, kwa hiyo kiwanda hujazia kitu kingine kifuko kisionekane kitupu. Kikijaziwa maltodekstrini, hicho ni wanga unaoingia damuni haraka. Hesabu gramu 1 kwa kifuko cha gramu 1. Kimoja kwa siku hakina neno. Kumi vina neno. Cha matone hakihitaji kujaziwa unga.

Kipimo cha mlo. Pakiti inaweza kusema gramu 4 tu, kumbe ni kwa biskuti moja na nusu. Nenda kwenye safu ya gramu 100, ndipo upime sehemu yako kwa mizani.

Tarehe. Pakiti ya Marekani huweza kuanza na mwezi. 05/11 yaweza kuwa tarehe kumi na moja Mei.

Umefaulu ikiwa: umerudisha angalau pakiti moja kwenye rafu na unajua sababu.

## Hatua ya 5: Jaribu moja, peke yake

Bidhaa mbili kwa pamoja hazijaribiwi, kwa sababu tumbo likivurugika hutajua nani alivuruga.

Mwenye glukometa: kaa saa nne bila kula, pima. Kula sehemu yako ya bidhaa, bila kitu kingine. Pima baada ya saa moja, tena baada ya saa mbili. Mimi nikiona imepanda zaidi ya miligramu 30, pakiti hiyo naiacha hata kama mbele imeandikwa dhahabu. Na kama uko kwenye dawa ya kushusha sukari, uliza kwanza kama ni salama kwako kukaa saa nne bila chakula.

Asiye na glukometa ajaribu siku tatu mfululizo na kuandika mambo matatu: njaa ilirudi baada ya saa ngapi, tumbo lilikuwaje, na je, aliongeza kula zaidi ya sehemu aliyopima. La tatu ndilo kubwa. Bidhaa inayokuvuta kumaliza pakiti haikufai, namba zake ziwe nzuri vipi.

## Hatua ya 6: Itumie kwa chakula chako

Bugali wa kabeji. Hii ndiyo inayookoa wengi. Chukua kabeji gramu 500, kata nyembamba, chemsha hadi ilainike kabisa. Mimina kwenye kitambaa safi, ikipoa kidogo kamua kwa nguvu hadi maji yakome. Usipokamua vizuri utapata uji. Twanga kwenye kinu au saga kwa blenda. Rudisha kwenye sufuria juu ya mbabula, moto mdogo. Ondoa makala kadhaa kama umewaka sana. Nyunyiza vijiko vikubwa viwili vya pisiliamu kidogokidogo huku unasonga kwa mwiko. Funika, subiri dakika tano. Hushikana zaidi inapopoa.

Kabeji hiyo yote ina kama gramu 16 za wanga. Linganisha na zile 120. Ladha si ya muhogo, sitakudanganya, lakini linashikika kwa vidole, linachovya kwenye sombe, na mkono unapata kazi yake.

Tahadhari za pisiliamu: baadhi ya vifuko vya farmasi vimetiwa sukari, kwa hiyo soma hatua ya nne tena. Usiimeze kavu, huvimba na kuziba koo. Kunywa maji ya kutosha. Dawa zako nyingine ziache mbali nayo saa mbili.

Mkate wa kikaango. Ovena haihitajiki. Vijiko vikubwa vinne vya unga wa lozi au wa karanga mbichi zilizosagwa (gramu 30), yai moja, chumvi kidogo, nusu kijiko kidogo cha hamira ya keki, maji kijiko kimoja. Koroga, mimina kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, moto mdogo, dakika tatu upande mmoja na mbili upande wa pili. Karanga hufanya kazi karibu sawa na lozi, kwa bei ya soko la Nyawera. Chagua karanga moja moja: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupa, maana sumu ya ukungu ule haiondoki kwa kupika.

Unga wa nazi usiuweke badala ya lozi kijiko kwa kijiko. Unanyonya maji mno; tumia robo yake na uongeze yai.

Chai. Anza na kitamu sawa na sukari uliyoizoea, kisha punguza kila wiki. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo usiopendekeza vitamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, kama njia ya kudhibiti uzito. Pendekezo hilo halikuwagusa wenye kisukari tayari. Kwangu kitamu ni gongo la mguu uliovunjika: unatembea nalo hadi mguu upone.

## Hatua ya 7: Weka mpaka wa pesa na wa kabati

Bidhaa mbili ndani ya nyumba, basi. Ya tatu ikiingia, moja imalizike kwanza. Unga wa lozi una mafuta mengi, na friji yetu huzima umeme ukikatika, kwa hiyo nunua kidogo, weka kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, mahali penye giza. Ukinusa harufu kama ya mafuta ya zamani, mwaga.

Panga pia siku ambayo bidhaa hazitapatikana. Mpaka wa Ruzizi ukifungwa au barabara ikikwama, rafu huwa tupu kwa wiki nzima. Aliyepitia hatua ya pili vizuri hatashtuka, maana anajua kuishi kwa mayai, sombe na sambaza. Fungua ukurasa wa siku zile kumi na nne kwenye daftari lako, nenda sokoni nao, nunua vilevile.